Kabla hujaandika trust: jinsi PostgreSQL inavyoamua nani aingie

Karibu kila anayeanza kujifunza PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, kwenye Ubuntu hugongana kwanza na ujumbe huu:

connection to server on socket "/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432" failed: FATAL: Peer authentication failed for user "mauzo"

Akaunti ameiunda mwenyewe na nywila ameiweka. Ajabu ni kwamba hata kuulizwa hiyo nywila hakuulizwa. Akiingia mtandaoni kutafuta dawa, ndani ya dakika mbili atakutana na mtu anayemwambia afungue faili la pg_hba.conf, kila neno la mwisho wa mstari aliandike trust, kisha awashe upya seva. Anafanya hivyo, mlango unafunguka, kazi inaendelea. Asichojua ni kwamba kuanzia dakika hiyo mtu yeyote aliye ndani ya mashine ile anaweza kujiita mauzo, au hata postgres mwenyewe, akaunti kuu ya msimamizi, na seva itamwitikia bila kumuuliza lolote.

Shida haikuwa nywila. Kuingia kwenye seva ya hifadhidata si swali moja bali ni manne yanayofuatana. Je, seva inasikiliza huko unakotokea? Je, upo mstari kwenye orodha unaokuhusu? Je, unaweza kuthibitisha kuwa wewe ndiye? Na ukishaingia, unaruhusiwa kugusa nini? Kila swali lina mahali pake pa kurekebishia na lina ujumbe wake wa hitilafu. Ujumbe ule wa juu umetaja hadi njia uliyopitia, yaani soketi, na umetaja kipimo kilichokukataa, yaani peer. Ila wengi tukishaona neno FATAL tunaacha kusoma, tunakimbilia kubadilisha nywila.

Nimechagua PostgreSQL kwa sababu iko kila mahali kuliko watu wanavyodhani. Ukifanyia hesabu za duka kwenye Odoo, data yako imekaa humo. Ukiwa mhudumu wa afya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda na umewahi kujaza takwimu za kituo kwenye DHIS2, nazo zimelala humo humo.

Je, seva inasikiliza?

Swali hili ndilo jepesi, basi tulimalize upesi. Ndani ya postgresql.conf kuna mpangilio uitwao listen_addresses. Usipougusa, thamani yake ni localhost, maana yake seva inapokea maombi ya TCP, yaani ya njia ya kimtandao, kutoka ndani ya mashine yenyewe tu, kwenye poti 5432. Mashine nyingine ikijaribu, jibu ni Connection refused, na hapo pg_hba.conf haijaguswa hata kidogo. Unaweza kuibadilisha upendavyo usiku kucha na jibu likabaki lile lile.

Ukitaka kujua hali ilivyo, andika ss -ltn kwenye terminali ya seva. Ukiona 127.0.0.1:5432 peke yake, seva haisikilizi nje. Weka anwani ya ndani ya mashine hiyo, kwa mfano listen_addresses = 'localhost, 10.20.0.5', halafu iwashe upya seva, maana mpangilio huu hauridhiki na kusomwa upya tu. Alama ya nyota, inayomaanisha anwani zote, ndiyo inayopendwa kwenye mafunzo ya mtandaoni kwa kuwa ni fupi. Kwenye mashine yenye anwani ya hadharani, mimi siipendi.

Kama badala ya kukataliwa papo hapo unasubiri mpaka muda unaisha, mara nyingi ni ukuta wa moto unaomeza ombi lako kimya kimya. Hapo nenda kwenye ukuta wa moto, hifadhidata iache ilivyo.

Mstari wa kwanza unaolingana ndio hukumu

Sasa tufike penye utata wenyewe. Faili la pg_hba.conf ni orodha ya mistari. Kila mstari una aina ya muunganisho, jina la hifadhidata, jina la akaunti, anwani anayotokea mwombaji, na njia ya kumthibitisha. Hujui liko wapi? Iulize seva yenyewe: SHOW hba_file; Kwenye Debian na Ubuntu huwa chini ya /etc/postgresql, ndani ya folda ya toleo lako.

Tuseme ofisi ina seva moja, na mashine nyingine ya programu ya mauzo yenye anwani 10.20.0.15. Wahasibu wanasoma ripoti kutoka kompyuta za mtandao wa ndani, na kuna seva ya pili inayopokea nakala ya data muda wote. Faili linaweza kuwa hivi (/32 ni anwani hiyo moja tu, /24 ni zote zinazoanza na 10.20.0):

local all postgres peer
hostssl mauzo mauzo_app 10.20.0.15/32 scram-sha-256
hostssl mauzo ripoti 10.20.0.0/24 scram-sha-256
hostssl replication nakala 10.20.0.16/32 scram-sha-256

Ombi linapofika, PostgreSQL inasoma kutoka juu kwenda chini. Inatafuta mstari wa kwanza ambao vitu vinne vyote vinalingana: aina, hifadhidata, akaunti na anwani. Ikiupata, inatumia njia ya uthibitishaji iliyoandikwa hapo na haiendelei mbele. Ukishindwa kujithibitisha kwa njia hiyo, umeshindwa. Haitashuka mstari wa chini kukujaribu kwa njia nyingine. Isipopata mstari wowote, unakataliwa.

Kanuni hiyo ni fupi, na ndiyo inayowavuruga watu kuliko zote. Mtu anaongeza mstari wake mpya chini kabisa ya faili, halafu anashangaa kwa nini haufanyi kazi. Huko juu tayari upo mstari wenye all kwa hifadhidata na all kwa akaunti, ambao umelimeza ombi lake kabla halijafika chini. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtu anaandika mistari mizuri yenye masharti makali, lakini juu yake ameacha mstari wa majaribio wa mwaka jana uliosema host all all 0.0.0.0/0 trust. Mistari yote ya chini inabaki pambo. Ndiyo maana mistari yenye masharti mahususi hukaa juu na ya jumla hukaa chini, na aliyekusudia kumzuia mtu kwa neno reject sharti amweke juu ya mstari ambao ungempitisha.

Aina ya muunganisho nayo ina mitego yake. Neno local halimaanishi "kutoka mashine hii hii", ingawa ndivyo linavyosikika. Linamaanisha soketi ya Unix, ambayo ni faili maalumu ndani ya mashine. Ukiandika psql, programu ya terminali ya kuingilia PostgreSQL, bila -h, umepita kwenye soketi, na mstari wa local ndio utakaokuhukumu. Ukiandika psql -h localhost, umepita kwenye TCP hata kama hujatoka nje ya mashine, na mistari inayokuhusu ni ya host yenye 127.0.0.1/32, au ::1/128 kama mashine imechagua IPv6. Mtu mmoja, akaunti moja, nywila moja, lakini milango miwili yenye masharti tofauti. Yule tuliyeanza naye angeongeza -h localhost tu, angeulizwa nywila yake na kuingia, na faili angeliacha kama lilivyo.

Kwa miunganisho ya TCP, host hupokea uliosimbwa (uliofichwa kwa SSL ili wa njiani asiusome) na usiosimbwa. hostssl hupokea uliosimbwa peke yake. Ukitaka kulazimisha usimbaji halafu ukaacha mstari wa host wenye masharti yale yale mahali popote kwenye faili, hujalazimisha kitu.

Halafu kuna neno replication. Wengi hudhani all inajumuisha kila kitu, lakini haijumuishi nakala ya moja kwa moja ya seva nzima. Seva ya pili inayokuja kuchukua nakala hiyo lazima iwe na mstari wake wenye neno replication kwenye nafasi ya hifadhidata. Asiyelijua hili anaweza kukesha.

Anwani unayoiona si ile seva inayoiona

Ujumbe wenye faida kuliko zote katika PostgreSQL, kwa maoni yangu, ni huu:

FATAL: no pg_hba.conf entry for host "10.20.0.31", user "ripoti", database "mauzo", no encryption

Watu huuchukia, na kumbe umewaandalia mstari karibu wote. Umetaja anwani kama seva ilivyoiona, akaunti, hifadhidata, na kwamba muunganisho haukusimbwa. Linganisha na faili letu: anwani iko ndani ya 10.20.0.0/24, akaunti ni sahihi, hifadhidata ni sahihi. Kilichobaki ni neno la mwisho. Mstari unasema hostssl, naye amekuja bila usimbaji. Dawa iko upande wa kompyuta ya mhasibu, kwenye sslmode, mpangilio unaosema muunganisho usimbwe au la. Faili halina kosa.

Wakati mwingine ujumbe huu hutokea mara mbili mfululizo, mmoja ukisema SSL encryption na mwingine no encryption. Sababu ni kwamba programu za kawaida hutumia sslmode=prefer: hujaribu kwanza kwa usimbaji, zikikataliwa hujaribu bila usimbaji. Ukiona yote mawili, jua usimbaji si kisingizio, mstari wenyewe haupo.

Ile anwani ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ukifanya kazi ukiwa nyumbani kwa intaneti ya simu, seva haioni anwani ya kompyuta yako. Inaona anwani ya kampuni ya simu, ambayo kwa kawaida wanaitumia wateja wengi kwa pamoja, na kesho unaweza kupewa nyingine. Ukiiandika kwenye pg_hba.conf leo umewakaribisha majirani usiowajua, na kesho wewe mwenyewe utafungiwa nje. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kuandika 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima ya IPv4.

Njia nzuri ni kutokuja kabisa kwa mlango wa hadharani. Pita kwenye mtandao binafsi kama WireGuard, au chimba njia ya SSH:

ssh -L 5433:localhost:5432 mtumiaji@seva

Kisha programu yako iunganishe na poti 5433 ya kompyuta yako mwenyewe. Seva itaona ombi linatoka 127.0.0.1, kana kwamba umekaa mbele yake, na poti 5432 haihitaji kuonekana na mtu yeyote huko nje.

Lakini njia hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini trust kwenye 127.0.0.1 si jambo dogo kama linavyosemwa. Kila kinachopitia njia ya SSH kinaonekana kimetoka ndani. Kila kinachopitia PgBouncer, programu ya katikati inayokusanya miunganisho, iliyowekwa kwenye mashine hiyo hiyo nacho kinaonekana kimetoka ndani. Programu ya tovuti yenye tundu la usalama, ikiwa imekaa hapo, nayo iko ndani. Anwani inakuambia ombi limepitia wapi mwisho, haikuambii nani amelituma.

Docker, inayoendesha programu ndani ya visanduku vilivyotengwa viitwavyo kontena, imeongeza mkanganyiko wa aina yake. Picha (image) rasmi ya PostgreSQL imewekewa trust kwa miunganisho ya ndani ya kontena, na nywila kwa inayotoka nje yake. Mtu akiingia ndani ya kontena kujaribu nywila mpya kwa psql -h localhost, nywila yoyote itakubaliwa, hata ya kubuni, kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Anatoka akiamini mambo yako sawa. Na ile POSTGRES_PASSWORD hutumika mara moja tu, pale folda ya data ikiwa bado tupu. Ukiibadilisha baadaye kwenye faili la compose huku data ipo, nywila ya zamani ndiyo inayobaki. Zaidi ya hapo, ukifungua poti kwa -p 5432:5432, Docker inaiweka kwenye anwani zote za mashine na kuipitisha pembeni ya kanuni za ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, ulizojiwekea. Andika 127.0.0.1:5432:5432 kama hukusudii kuifungulia dunia.

Mwaka 2017 mwezi Januari, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa, na wenyewe wakakuta ujumbe wa kudaiwa bitcoin badala ya data zao. Ilikuwa programu nyingine, lakini uzembe ndio huu huu tunaouzungumzia. Kwa PostgreSQL kuna jambo la ziada: akaunti kuu inaweza kuendesha amri za mfumo kupitia COPY ... PROGRAM. Anayeingia kama postgres kutoka mbali hachukui data tu, anaweza kuigeuza mashine yako kuwa yake. Ndiyo sababu kwenye faili letu postgres ana mstari mmoja tu, wa local, na hana njia ya mtandaoni.

Kuthibitisha kuwa wewe ndiye

Ukipata mstari, linakuja neno la mwisho wake. Njia ziko nyingi, kuanzia LDAP na Kerberos za mashirika makubwa hadi vyeti vya kidijitali, ila kwa ofisi nyingi tunabaki na chache.

peer haiulizi nywila. Inauliza mfumo wa Linux: aliye upande wa pili wa soketi ni nani? Ukiwa umeingia Linux kama juma na unaomba akaunti ya mauzo, majina hayafanani, umekataliwa. Ndilo lililompata mtu wetu wa mwanzo. Njia hii inafanya kazi kwenye soketi tu, na kwa kazi za msimamizi ni nzuri sana. sudo -u postgres psql inakuingiza bila nywila ya kukumbuka wala ya kuibiwa. Waliosahau nywila ya postgres kwenye Ubuntu wanashauriwa kila siku wageuze faili liwe trust kwanza, na wala hawana haja. Waingie kwa amri hiyo, waandike \password postgres, basi.

password inatuma nywila ilivyo. Isahau.

md5 na scram-sha-256 ndizo zinazohitaji maelezo, kwa sababu seva nyingi za zamani bado ziko katikati ya hizi mbili. Kwa md5, seva huhifadhi hashi, yaani alama iliyokokotolewa isiyorudishika nyuma, ya nywila iliyochanganywa na jina la akaunti. Wakati wa kuingia, nywila haipiti wazi kwenye waya, na hilo ni jema. Ubaya ni kwamba hashi iliyohifadhiwa inatosha kuingilia. Mtu akiiba faili la chelezo (backup) lenye hashi hizo, hahitaji kuvunja kitu, anaitumia kama ilivyo. Na kwa kuwa jina la akaunti limo ndani ya mchanganyiko, ukibadilisha jina la akaunti nywila yake inafutika.

SCRAM, ndiyo hiyo scram-sha-256, iliingia toleo la 10, mwaka 2017. Hapa seva huhifadhi chumvi, yaani data ya kubahatisha inayochanganywa na nywila, idadi ya mizunguko ya kukokotoa, ambayo kwa kawaida ni 4096, na funguo mbili zilizotokana na nywila. Mwombaji anathibitisha kwamba anaijua nywila bila kuituma, na seva nayo inamthibitishia kwamba ndiyo iliyokuwa na rekodi yake. Mwizi wa chelezo hawezi kuingia na alichokikuta humo. Itambidi akisie nywila, na kila kisio kinampitisha kwenye mizunguko ile 4096. Nywila ikiwa mauzo123, kusema kweli, mizunguko hiyo haitamchelewesha sana.

Tangu toleo la 14 la mwaka 2021, nywila mpya huhifadhiwa kwa SCRAM bila wewe kuomba, na toleo la 18 limetangaza rasmi kwamba md5 iko njiani kuondoka. Kuhama si kazi ngumu, ila ina mpangilio wake, na wengi huanza mwisho. Wanabadilisha pg_hba.conf iwe scram-sha-256, kesho yake asubuhi simu hazikatiki kwa sababu hakuna aliyeingia. Nywila ya zamani iliyohifadhiwa kwa md5 haigeuki yenyewe kuwa SCRAM, kwa kuwa seva haijui nywila yenyewe, inaijua hashi tu.

Anza kwa kuweka password_encryption iwe scram-sha-256. Acha neno md5 kwenye pg_hba.conf kwa muda, maana lina ukarimu usiotangazwa sana: akaunti ambayo nywila yake tayari ni ya SCRAM huthibitishwa kwa SCRAM hata kama mstari unasema md5. Kila mtu abadilishe nywila kwa \password, ambayo hukokotoa hashi kwenye kompyuta yake kabla ya kutuma. ALTER ROLE yenye nywila wazi inaweza kuishia kwenye logi, daftari la matukio la seva. Halafu uliza nani amebaki:

SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';

Jibu likiwa tupu, hapo ndipo pa kubadilisha faili. Programu ikilalamika authentication method 10 not supported, maktaba yake ya kuunganishia imezeeka kabla ya SCRAM. Kasasishe hiyo maktaba, usiirudishe seva nyuma.

Ukikuta password authentication failed, tayari umevuka maswali mawili: seva inasikiliza na mstari umepatikana. Ujumbe huo hausemi kama akaunti ipo au haipo, na ni kwa makusudi, ili mtu wa nje asitumie seva kuhesabu majina. Ukweli wote uko kwenye logi ya seva. Humo utakuta kama akaunti haipo, kama haina nywila, na mstari wa ngapi wa pg_hba.conf ndio uliotumika. Mara kadhaa nimeona mtu akibadilisha mstari wa 96 siku nzima huku logi ikimwambia wazi kwamba ombi lake linakamatwa na wa 91.

Swali la nne, la nini unaruhusiwa kugusa, ni mada yake peke yake. Itoshe kujua kwamba permission denied for table ni habari njema kiasi: umeingia. Kinachokosekana ni GRANT, amri ya kutoa ruhusa, na pg_hba.conf haina mchango tena. Ila chunga jambo moja. Bila ya wewe kusema lolote, kila akaunti ina ruhusa ya CONNECT kwenye hifadhidata yoyote mpya. Kwenye seva inayobeba hifadhidata za idara tofauti, iondoe kwa REVOKE CONNECT ON DATABASE mauzo FROM PUBLIC. Kisha uwape wanaohusika.

Kugeuza faili bila kujifungia nje

Kabla hujagusa chochote, fungua dirisha moja uingie kama postgres na uliache wazi. Hariri faili kwenye dirisha la pili. Ukimaliza, usisome upya mipangilio bado. Uliza kwanza:

SELECT line_number, error FROM pg_hba_file_rules WHERE error IS NOT NULL;

Mwonekano huu wa pg_hba_file_rules unasoma faili lilivyo kwenye diski sasa hivi, si lile ambalo seva inalitumia, kwa hiyo unakuonyesha kosa kabla halijakuumiza. Likiwa safi, andika SELECT pg_reload_conf(). Kisha jaribu muunganisho mpya. Seva haihitaji kuwashwa upya.

Ukiruka hatua ya kukagua, kuna ajali inayosubiri. Ukisoma upya faili lenye kosa, seva inaandika kwenye logi kwamba haikulipokea, na inaendelea kimya na kanuni za zamani. Hakuna anayelalamika. Faili linakaa na kosa lake wiki, miezi, mpaka siku umeme unakatika na UPS inakata roho. Seva ikiamka hailipati lile la zamani kwenye kumbukumbu, inasoma la kwenye diski, na inakataa kuwaka kabisa. Saa nane za usiku unatafuta kosa la tahajia lililoandikwa na mtu ambaye pengine ameshahama kazi.

Na kuhusu aliyehama kazi: kufuta mstari wake na kusoma upya hakumtoi aliyekwisha kuingia. pg_hba.conf huangaliwa wakati wa kuunganisha tu. Hata VALID UNTIL, ile tarehe ya mwisho ya nywila, huangaliwa wakati huo huo tu, tena kwa njia zinazotumia nywila peke yake. Muunganisho ulioachwa wazi tangu juzi unaendelea kuwa hai. Kwa hiyo ni amri mbili, kwa mpangilio huu, ya pili ikiwakata waliomo:

ALTER ROLE ripoti NOLOGIN;
SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity WHERE usename = 'ripoti';

Ukianza na ya pili, programu yake itajiunganisha tena yenyewe kabla hujamaliza kuandika ya kwanza.